Hilo Sijafundishwa

Waya hakuwa na shahada. Hakuwa na gari, wala kiwanja, wala mjomba serikalini. Tai aliyovaa siku za wageni ilikuwa ya shemeji yake, na fundo lake hakulijua. Alifungiwa na mkewe, kisha akirudi aliivulia kichwani na kuitundika vile vile ilivyofungwa, ikingoja wageni wengine. Hakuwa na ule ulimi wa mikutano, wa kusema mengi bila kusema kitu. Sauti ya kuomba nyongeza hakuwa nayo pia. Kila alipoijaribu ilitoka kama ya mtu anayeomba radhi. Zamani, alipokuwa akisoma shule ya jioni, hata kalamu hakuwa nayo. Na nyumba aliyoishi haikuwa yake. Ilikuwa ya kampuni, vyumba viwili na sebule inayotazama barabara, na funguo zake zingeweza kuombwa siku yoyote ambayo kampuni ingemchoka.

Alichokuwa nacho kilikuwa kichache: mke mshonaji, mabinti pacha waliogombania kila kitu hadi upande wa mto, na Mlinzi.

Mlinzi hakuwa mtu wala mbwa. Alikuwa programu ya kompyuta. Katika majengo makubwa, ya benki, ya vyuo, ya hospitali, kuna makabati yaliyojaa visanduku vyenye taa ndogo ndogo, na ndani ya visanduku hivyo ndimo unamopita ujumbe wa kompyuta zote. Kikizimika kimoja, ghorofa nzima inakuwa bubu. Kazi ya Mlinzi ilikuwa kuvichungulia visanduku hivyo muda wote na kumjibu mtu akiuliza: kipi kimezimika, kipi kimepata joto, kipi kinahudumia chumba gani.

Watu wa kazi hiyo wana lugha yao ya kuulizia, lugha pana yenye maneno na kanuni tele. Waya alimfundisha Mlinzi kipande chake tu. Mlinzi alijua kuchagua, alijua kutafuta penye sharti moja au mawili, alijua kupanga majibu toka dogo hadi kubwa. Basi. Mtu akimuuliza kwa neno lililo nje ya kipande hicho, hakubahatisha. Aliandika kwenye kioo: *Hilo sijafundishwa.* Kisha akalitaja neno lililomshinda, akangoja aulizwe upya.

Sentensi hiyo Waya hakuitunga. Aliiokota kwa mkewe, wakati wangali wanaishi chumba kimoja, wawili wao, kabla ya pacha. Chumba kile kilikuwa na meza moja. Upande huu cherehani, upande ule kompyuta kuukuu aliyoiokoa kwenye ofisi iliyokuwa ikitupa vitu. Fyuzi ya chumba haikuweza kubeba kompyuta na pasi kwa pamoja, kwa hiyo walipokezana. "Baba, zima, nipige pasi," angesema mkewe, naye angezima na kukaa akitazama mvuke ukipanda kwenye kitambaa, akiwaza. Mambo mengi mazuri ya Mlinzi yalipatikana wakati wa pasi.

Siku moja aliingia mteja na picha ya gauni aliyoikata gazetini, lina mikunjo kama ua lililochanua. Mshonaji akaitazama sana ile picha, akamrudishia.

"Hilo sijafundishwa, dada."

"Si ujaribu tu? Wewe fundi bwana."

"Nikijaribu nitakuharibia kitambaa, halafu nitakupigia pasi vizuri, utavaa mpaka harusini ndipo ujue. Nenda kwa yule wa kona ya pili, yeye anaweza. Mimi niletee sare, niletee sketi, niletee shati."

Mteja alitoka amenuna. Baada ya juma akarudi na vitambaa vya sare za watoto wake wote, na dada zake nyuma. Waya alikuwa ameona yote akiwa upande wake wa meza. Akamwambia mkewe, "Naomba maneno yako yale niyatumie."

"Chukua," mkewe akacheka. "Lakini ukiyauza, nataka cherehani ya umeme."

*

Mkurugenzi wa kampuni aliitwa Kalamu Mbili, ingawa siku hizi waliothubutu kumwita hivyo walikuwa wachache. Jina alilipata shule ya jioni. Yeye na Waya walikaa benchi moja, chini ya taa iliyowaka na kuzima kama inayokonyeza, na Kalamu Mbili alikuja na kalamu mbili mfukoni kila jioni: moja ya kwake, moja ya Waya, aliyetoka kibaruani mikono mitupu. Mwalimu wao alikuwa mkali. Alikuwa akisema, "Anayejibu swali ambalo sikuuliza namkata alama mara mbili: moja ya kutojua, moja ya kujifanya." Kalamu Mbili alikatwa sana mara mbili. Aliijaza karatasi nzima kwa majibu ya maswali mengine. Lakini alijua watu, na watu wakampenda, na ukumbini kwa watu ndiko kampuni zinakozaliwa.

"Karibu, mzee wa waya! Kaa. Unalikumbuka benchi letu?" alisema siku alipomwita Waya ofisini kwake.

Waya alikaa kwenye ncha ya kiti. Kila Kalamu Mbili alipolikumbuka benchi, kulikuwa na kitu anachokitaka.

"Hospitali kuu wanamtaka Mlinzi," mkurugenzi akasema. "Unasikia? Hospitali nzima. Ila karatasi yao inasema wanataka programu inayoielewa lugha yote ya kuulizia."

"Haielewi yote. Anaelewa kipande."

"Kipande, kipande! Unaongea kama muuza sabuni."

"Nipe mwaka mmoja, nitamfundisha mengine."

"Kwa mwaka mmoja watakuwa wamenunua kwa jirani. Sikiliza. Kile kisentensi chenu, sijui sijafundishwa, kitoe. Mteja ametoa fedha zake, halafu mashine imwambie haikufundishwa? Kama mtoto aliyekimbia shule? Akikuta neno asilolijua, aliruke. Ajibu yaliyobaki."

"Aliruke bila kusema?"

"Wewe mkeo akikuuliza maswali matatu kwa mkupuo, si unajibu lile unaloliweza?"

"Nikifanya hivyo nalala mlangoni."

Wote wawili walicheka, na kwa muda ule mfupi walikuwa tena vijana wa benchi moja. Kisha mkurugenzi akasukuma karatasi juu ya meza. Lilikuwa tamko: kwamba programu hii inaielewa lugha ya kuulizia kwa ukamilifu. Hospitali haikutaka saini ya mkurugenzi, ilitaka ya fundi aliyeitengeneza.

"Na ile nyumba," Kalamu Mbili akasema, akitazama dirishani, "mkataba wake unaisha mwezi huu. Sitaki kulisema jambo hilo, ndugu yangu. Ndiyo maana sijalisema."

Akachomoa kalamu ya pili mfukoni, akamnyooshea. Mkono wa Waya ukaipokea wenyewe, kwa mazoea ya zamani.

"Nitaisoma kwanza nyumbani," alisema.

"Isome. Kwetu hakuna haraka. Jumatatu."

Alirudi kwenye kiti chake akakitoa kile kisentensi. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo hata ikamuumiza. Kukiweka kulimchukua majira mazima ya mvua, maana ni lazima programu ijue isichokijua, na hiyo ndiyo elimu ngumu. Kukitoa kuliisha kabla chai yake haijapoa. Akamjaribu Mlinzi: *nionyeshe vilivyozimika, isipokuwa vilivyo stoo.* Mlinzi hakuwa amefundishwa "isipokuwa". Akairuka, na yote yaliyoifuata. Akaleta vilivyozimika vyote, vya stoo vikiwemo, kwa safu safi zilizonyooka, bila haya usoni.

Waya alizitazama safu zile. Ilikuwa kama kumwona mtoto wake akidanganya kwa mara ya kwanza, tena akidanganya vizuri.

*

Kesho yake asubuhi Mama Pacha alikuwa kwenye cherehani yake sebuleni, miguu kwenye pedali, mteja mmoja kakaa kwenye mkeka anangoja sketi yake ipindwe. Msimamizi wa nyumba za kampuni akabisha hodi. Alikuwa mtu mpole, asiyejua kusimama vizuri kwenye nyumba za watu.

"Karibu, kaka. Umekuja kuliona bomba?"

"Hapana, Mama Pacha. Nimetumwa kupima tu."

"Kupima nini?"

"Vyumba. Kuna mhasibu mpya. Ana kabati kubwa, anataka kujua kama litaenea."

"Litaenea wapi?"

"Hapa. Yaani, kama ninyi mtahama."

"Nani kasema tunahama?"

"Mimi nimeambiwa kupima, dada yangu. Sijaambiwa kujibu." Akapapasa mifuko yake, wa mbele, wa nyuma, akatahayari. "Aibu hii. Nimesahau futikamba. Naona unayo hapo shingoni."

Mteja alikuwa ameacha kupiga miayo. Mama Pacha alijua kwamba akikataa patakuwa na maelezo, na maelezo yatatoka na mteja huyu, na kabla ya adhuhuri mtaa wote utajua wanafukuzwa. Na nani atapeleka kitambaa kwa mshonaji ambaye hajulikani atakuwa wapi? Akaivua futikamba shingoni.

"Usiikunje. Inapasuka."

Yule bwana akapima ukuta wa dirisha. Akapima ukuta wa mlango. Alipofika kwenye cherehani akamwomba anyanyue miguu kidogo, apitishe. Mama Pacha akanyanyua miguu kama mtoto anayefagiliwa chini yake, akaishikilia hewani hadi mtu alipomaliza kuandika. Alipoondoka aliirudisha futikamba, asante nyingi. Alikuwa ameikunja.

"Wanapaka rangi?" mteja aliuliza.

"Ndiyo," alisema Mama Pacha. "Rangi."

*

Hospitalini walipokewa na matroni, mwanamke mfupi mwenye saa iliyobanwa kifuani. Waya alikuwa kavaa tai ya shemeji. Mkurugenzi alianza kueleza historia ya kampuni, matroni akainua kiganja.

"Baba, hotuba nitazisikia nikistaafu. Mimi nina swali langu moja. Humo kwenye programu mmetia orodha ya vifaa vyetu?"

"Nakala yake, Mama," Waya alijibu.

"Haya. Mara kwa mara mafundi wa umeme wanakuja, na lazima tuzime visanduku. Sasa hivi natuma watu mlango kwa mlango waandike. Mimi nataka kuuliza hivi: vifaa vya kuzimwa ghorofa ya pili, isipokuwa vinavyohudumia chumba cha watoto njiti. Vile mashine za kuwaangalia watoto hao waliozaliwa kabla ya wakati zinavitegemea. Vile havizimwi."

Waya aliandika swali. Safu zikaja, safi, zimenyooka. Mstari wa tano ulikuwa wa chumba cha watoto njiti. Na wa sita.

Matroni alitazama kioo kwa mbali, miwani ikiwa imening'inia shingoni. Hakusoma mstari kwa mstari. Nani anasoma mstari kwa mstari jibu alilopewa na mashine?

"Loo! Hata 'isipokuwa' anaielewa! Programu ya wale wa kampuni nyingine hapo iligoma kabisa."

"Huyu wetu hagomi," Kalamu Mbili alisema, na chini ya meza kiatu chake kikaulalia mguu wa Waya.

"Mama," Waya alisema. Akaivuta tai shingoni. "Hiyo orodha ni ya majaribio. Msizime kitu kwa hiyo."

"Hatuwezi, fundi. Hatujanunua. Tamko lako likifika ndipo tutaacha kutuma watu milangoni." Akacheka kwa furaha ya mtu aliyechoka muda mrefu. "Wasichana wangu watapumzika jamani."

Garini Kalamu Mbili alimpiga bega. "Umeona? Dunia haiulizi sana."

Waya aliivulia tai kichwani. Alikuwa amesema nusu ya neno, na nusu nyingine ilikuwa imemkaa kifuani.

*

Jumapili baada ya chakula cha mchana, tamko lilikuwa mezani, na kalamu ya mkurugenzi juu yake. Pacha walikuwa chumbani wakigombana kuhusu kitana. Mama Pacha alikuwa anapiga pasi sare za shule, lundo hadi kifuani.

"Saini, Baba Pacha," alisema bila kuinua macho. "Mtu alinipimia chini ya miguu yangu. Chini ya miguu! Kwa futikamba yangu. Nimekaa hapa nikajipatia wateja mmoja mmoja kama anayeokota sindano. Hapa nikitoka naanza tena na nani?"

"Najua."

"Basi saini. Kipande, yote, tofauti yake nani anaijua?"

"Sikiliza nikwambie tofauti yake." Waya alitafuta maneno. "Mteja amekuja. Amekwambia, dada, kata vitambaa vyote hivi, isipokuwa hiki cha marehemu mama yangu. Sasa wewe neno 'isipokuwa' hulijui. Wala husemi hulijui. Unasema, ndiyo, dada. Unakata vyote, unavipiga pasi, unavifunga vizuri kwenye mfuko, unamkabidhi."

Pasi ilisimama.

"Na yeye anakushukuru," Waya alisema. "Hapo ndipo pananishinda. Anakushukuru."

"Na hospitalini kitambaa cha marehemu ni nini?"

"Chumba cha watoto njiti."

Mama Pacha aliisimamisha pasi wima. Kelele za kitana zikasikika, kisha kicheko, kisha kelele tena.

"Mlinzi zamani alikuwa anakataa," alisema polepole. "Si alikuwa anakataa? Anasema yale maneno yangu."

"Alikuwa anakataa."

"Yamekwenda wapi?"

"Niliyafuta. Niliambiwa niyafute."

Aligeuka akamtazama mumewe, na Waya, aliyeistahimili sauti ya mkurugenzi na kiatu cha mkurugenzi, akainamisha kichwa.

"Ulipoyachukua uliniomba," alisema Mama Pacha. "Nakumbuka mpaka kitambaa nilichokuwa nashona. Cha mistari. Uliniomba kama mtu anayeomba posa. Kuyafuta hukuniuliza."

"Sikukuuliza."

"Mimi maneno yale yalinipa njaa siku nyingi, Baba Pacha. Walikuja wateja nikawarudisha na fedha zao mkononi, wewe hukuwepo, ulikuwa kibaruani. Nikawa nasema, potelea mbali, anayenijua atanijua kwa hilo. Ndiyo mahari niliyojitolea mwenyewe. Halafu unafuta tu, kama mtu anayefuta ubao?"

"Nifanye nini?"

"Yarudishe."

"Na nyumba?"

Mama Pacha aliitazama sebule yake: dirisha, mwanga wake mzuri wa kushonea, alama za mafuta ya cherehani kwenye sakafu, ukuta waliowapimia pacha urefu kila mwaka mpya. Alitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayekariri.

"Cherehani ina miguu yake," alisema. "Huyo mpimaji akija tena nitamshikia ncha ya pili. Tulikuwa tunapokezana fyuzi, tulikufa?"

"Hatukufa."

"Basi. Tena nilikuwa nakupenda zaidi wakati ule. Ulikuwa unajua kungoja."

"Na sasa?"

"Sasa una tai," alisema mkewe, na wote wawili wakacheka, lakini mkono wake ulikuwa unapangusa jicho.

*

Jumatatu alfajiri Waya alikwenda ofisini kabla ya watu, akairudisha ile sentensi mahali pake. Akamuuliza Mlinzi swali la matroni. Mlinzi akajibu: *Hilo sijafundishwa: isipokuwa.* Waya akakaa akiyatazama maneno yale kwenye kioo. Ilikuwa kama kusikia sauti ya mtu wa nyumbani simuni baada ya miaka.

Kisha akarudi nyumbani kuandika. Mkewe alikuwa anamalizia sare, pasi imewaka. Tamko aliligeuza upande wake mtupu, akaiandika barua kwanza kwa majaribio. Halafu akachukua karatasi safi na kuandika kwa mwandiko wa shule ya jioni, herufi zimesimama wima kama watoto kwenye mstari.

"Kwa Matroni. Programu yetu haiielewi lugha yote ya kuulizia. Inaelewa kipande chake, nacho nimekiorodhesha hapa chini, neno kwa neno, pamoja na yale isiyoyajua. Siku ile mliyoiona ilikuwa imezuiwa kusema haijui, na aliyeizuia ni mimi. Orodha iliyotoka ilikuwa na chumba cha watoto. Tafadhali endeleeni kutuma watu milangoni mpaka mpate programu inayokataa inapostahili kukataa. Kama ile ya wenzetu iligoma hapo, isihesabiwe kuwa mbaya kwa sababu hiyo. Kama baadaye mtamtaka Mlinzi kwa kile kidogo anachokiweza, atakijibu sawasawa."

Akasaini. Akaandika nakala ya pili, ya mkurugenzi.

"Huyu si ungemwambia ana kwa ana?" mkewe aliuliza.

"Nikimwona atalitaja benchi."

Waya akaikunja barua ya matroni, akaitia kwenye bahasha. Alipoikunja ya mkurugenzi, akasita. Kalamu ilikuwa bado mkononi mwake, ile ile ya pili, aliyoandikia zote mbili. Aliipangusa kwa pembe ya shati. Jioni ngapi alikuwa ameipokea kalamu kama hiyo bila hata kusema asante, kwa kuwa kati ya watu wa benchi moja asante ilikuwa ni matusi? Akaitia ndani ya bahasha pamoja na barua.

Gundi ya bahasha ilikuwa kuukuu, haikushika. Mkewe akazichukua, akatandaza kitambaa juu yake, akapitisha pasi ya moto mara moja kila moja. Ya matroni ililala bapa. Ya mkurugenzi ilibaki na uvimbe katikati, na hapo pasi ilizunguka taratibu, kama inavyozunguka kifungo.

Pacha waligombania nani azipeleke, kwa hiyo walikwenda wote wanne, mpaka kwenye sanduku jekundu la posta mwisho wa mtaa. Ya kwanza ilizama bila sauti. Ya pili ilikwama mdomoni, kwa sababu ya kalamu. Waya akaigeuza kidogo, akaisukuma kwa kidole, akangoja mpaka aliposikia imefika chini.